Wakuu, nota mbili za Simfoni ya 5 ya Carl Nielsen hazifanani, nifuate ipi?

Sauti_ya_Nne

Habari za jioni wakuu. Naandika tasnifu kuhusu Carl Nielsen, yule mtunzi wa Denmark (1865–1931), na nimejikita kwenye Simfoni yake ya 5. Nina fotokopi ya nota nilizopewa na mtu, ndani imeandikwa 1950, alafu juzi nikapakua pdf ya chapa mpya ya Maktaba ya Kifalme ya Copenhagen, nikaziweka mezani pamoja nikawa nafuatisha mstari kwa mstari na kalamu nyekundu. Nilidhani ntakuta makosa mawili matatu ya uchapaji basi. Kufika saa saba usiku kurasa zimejaa wekundu, alama za upinde haziendani, huku wameandika sauti laini kule kubwa, kuna mahali mpaka ala zimepangwa tofauti. Mtunzi mmoja, kazi moja, sasa ipi ndo yake? Msimamizi wangu kasema nichague moja nitoe sababu, hakuongeza neno.

La pili, sura ya kwanza nimeeleza utoto wake kwa kutegemea kitabu alichoandika mwenyewe mwaka 1927, Min fynske barndom (Utoto wangu wa Funen). Naruhusiwa kukiegemea moja kwa moja? Naombeni mwongozo nimekwama kweli.

Viola_wa_Nyuma

Mkuu hapo umegusa penyewe. Mimi napiga viola, ile ala ya nyuzi kubwa kidogo kuliko fidla, na hii simfoni inaanza na sisi, viola peke yake zinayumba kati ya C na A, C na A, kwa sauti ya chini, mkono unazoea mpaka unasahau unahesabu, ndipo wengine wanaanza kuingia. Kwahiyo naijua kwa vidole kabla ya vitabu.

Historia yake iko hivi. Nielsen aliimaliza Januari 1922, wino haujakauka vizuri, na tarehe 24 mwezi huohuo akaiongoza mwenyewe Copenhagen. Nota za okestra zikachapwa 1926 yeye yupo hai. Akafariki 3 Oktoba 1931. Hio ya kwako ya 1950 ilitengenezwa na kondakta wa okestra Erik Tuxen pamoja na Emil Telmányi, mpiga fidla aliyekuwa amemuoa binti yake Nielsen. Hawakuwa wageni hawa, walimjua mzee na waliupenda muziki wake, wakaona kuna mahali pa kurekebisha ili okestra isikwame. Ila marekebisho yenyewe yameingia ndani ya nota, na ukiwa na hio fotokopi tu ni vigumu kutenganisha mkono wa mtunzi na mkono wa wasahihishaji.

Hio pdf yako inatoka kwenye mradi wa Carl Nielsen Udgaven (yaani Chapa ya Carl Nielsen), ulianza 1994 ukaisha 2009, walipitia kazi zake zote. Juzuu ya Simfoni ya 5 ni ya 1998. Kazi yao ni ya subira sana, wanakusanya kila chanzo kilichobaki, rasimu ya penseli, nakala safi ya wino, chapa ya kwanza, wanachagua kimoja kiwe msingi na kila walipogusa wanaandika wamegusa wapi na kwanini. Nenda kurasa za mwisho mkuu, kuna orodha ndefu, kipimo kwa kipimo cha muziki, ala kwa ala, na imeandikwa Kiingereza. Watu wengi wanaziruka hizo kurasa wakidhani ni mambo ya wachapaji. Kwako wewe ndo tasnifu yenyewe ilipo.

Bi_Ukulele

Mwanangu mimi ntajibu la pili. Kitabu cha utotoni ni kizuri mno na ukitumie, ila ujue ni mzee wa miaka 60 na ushee anayemwangalia mtoto. Alizaliwa karibu na Nørre Lyndelse kwenye kisiwa cha Funen, wa saba katika watoto kumi na wawili, baba yake fundi rangi wa majumba ambaye pia alipiga fidla na koneti, aina ya tarumbeta, kwenye harusi na sherehe za kijiji. Kuna pale anapoeleza rundo la kuni, mtoto anagonga gogo baada ya gogo, na kila gogo lina sauti yake kulingana na urefu na unene wake, anatafuta wimbo. Aliyewahi kukaa na fundi marimba akichagua mbao ataiona picha hio mara moja. Mimi naamini lilitokea. Lakini aliyelisimulia alishakuwa mtunzi mkubwa kuliko wote nchini kwake, na mtu akifika hapo anajua hadithi yake wanaitaka ianze vipi.

Kwahiyo weka barua zake pembeni ya kitabu. Zimechapwa majuzuu 12, mhariri John Fellow, kuanzia 2005 mpaka 2015, na kuna uteuzi wa Kiingereza wa David Fanning na Michelle Assay. Humo utamkuta mtu mwingine. Mkewe Anne Marie alikuwa mchongaji sanamu mwenye jina lake, walifunga ndoa Florence 1891, lakini mume alikuwa na wanawake wengine na watoto wa nje, wakatengana kisheria 1919 wakaja kurudiana 1922. Angalia miaka hio kisha angalia simfoni yako ilitungwa lini. Wasifu mkubwa wa kwanza, ule wa Torben Meyer na Frede Schandorf Petersen, ulitoka 1947 na 1948, barua nyingi zikiwa bado hazijachapwa. Hapo utaelewa kwanini picha ya zamani na ya sasa hazilingani.

Ila mwanangu usije ukaandika kwamba ile ngoma ndogo ya kijeshi inayopingana na okestra kwenye simfoni ni ugomvi wa ndoa. Nimeona watu wanafanya hivyo na inaniuma, maana ukishasema hivyo huusikii tena muziki, unasikia umbea.

KwayaMkuu77

Nakubaliana na waliotangulia ila chapa ya 1950 msiitupe hivyo. Miongo mingi nje ya Denmark watu wameisikia simfoni hii kupitia nota hizohizo, kwahiyo kama mwenzetu anaeleza dunia ilimpokeaje Nielsen, hio 1950 ni ushahidi kabisa. Na mimi nikiwa nasimamisha waimbaji najua kuna wakati mtunzi kaandika kitu ambacho bila kukisaidia kidogo hakisikiki. Tuxen alikuwa mtu wa jukwaani. Huwezi kumhukumu ukiwa umekaa mezani.

Viola_wa_Nyuma

@KwayaMkuu77 sikukatalii, kusaidia jukwaani tunafanya wote, lakini unaandika kwa penseli kwenye nakala yako, unamwachia anayekuja baadae afute akitaka. Ukishachapa kwa jina la mtunzi hakuna wa kufuta.

Noti_Nane

Nyongeza fupi, kwenye tasnifu tumia namba za CNW, ndo katalogi mpya ya kazi za Nielsen. Simfoni zote sita ni CNW 25 mpaka 30, ya 5 ni CNW 29. Vitabu vya zamani utakuta FS 97, hio ni katalogi ya Fog na Schousboe ya 1965, na opus 50, zote ni kitu kilekile usichanganyikiwe. Na soma kitabu cha Robert Simpson cha 1952, ndiye aliyewaonyesha Waingereza kwamba simfoni za huyu mtu zinaondoka kwenye tonaliti moja (noti kuu ambayo muziki unaizunguka) na kwenda kutafuta nyingine. Ya 1 inaanza G minor inaishia C major, ya 5 inafungia E-flat major. Baadae wengine wamempinga ila kila mtu bado anaanzia kwake.

Sauti_ya_Nne

Wakuu nimerudi, asanteni sana, na mama @Bi_Ukulele shikamoo, sura ya kwanza naiandika upya. Jana nimefungua zile kurasa za nyuma nikakaa nazo tangu asubuhi. Nilichukua ile sehemu ya Adagio (ya mwendo wa polepole) ambapo ngoma ndogo ya kijeshi inaingia na mwendo wake yenyewe, okestra nzima inaimba polepole na yule mtu mmoja anapiga kwa kasi nyingine kabisa hamsikilizi mtu, alafu baadae anaachiwa abuni atakavyo, kana kwamba kaapa okestra isisonge mbele. Nikawa nalinganisha orodha na zile alama zangu nyekundu moja moja. Nyingi zimepata jibu. Nimeamua msingi uwe chapa ya 1998, na ile 1950 naipa sura yake kama historia ya mapokezi, nafikiri hapo msimamizi hatakuwa na la kuuliza.

Swali moja limebaki. Mwisho wa sehemu ya kwanza, ile klarineti inayobaki peke yake na ngoma kwa mbali, kwenye rekodi mbili nilizonazo ngoma inasikika tofauti sana, moja kama iko chumba cha pili na nyingine iko palepale. Hio ni chapa au ni kondakta?

Viola_wa_Nyuma

Kondakta, na ukumbi. Mara ya mwisho tulipoipiga, mpiga ngoma alitoka polepole kupitia mlango wa pembeni huku anapiga, mlango ukaachwa wazi kidogo. Sisi viola tulishaweka pinde chini. Klarineti alikuwa amefumba macho, na watu wa mstari wa mbele wakawa wameinua shingo kumtafuta anayepiga yuko wapi.