Mchoro wa Pong ya 1972: prosesa iko wapi?

Swali: Wakuu, nimeupekua mchoro wote wa saketi ya Pong, mchezo wa video wa tenisi wa Atari, prosesa sijaiona. Kuna ukurasa umepotea?

Jibu 1: Haujapotea mkuu. Pong haina prosesa wala programu, ni chipu za TTL (saketi rahisi za mantiki) za familia ya 7400. Mpira wenyewe ni vihesabio (saketi za kuhesabu mipigo ya umeme) tu! Kila pedeli (kigongo cha kupigia mpira kwenye skrini) ina chipu ya kipima muda 555: ukizungusha kitasa, potenshomita (kipingamizi kinachobadilika) hubadilisha urefu wa mpigo, pedeli inapanda au kushuka. Kinachochekesha, haifiki juu kabisa ya skrini. Ilikuwa kasoro ya saketi, wakaiacha, na mchezo ukanoga, kwani wajuzi nao hufungwa.

Jibu 2: Ukiijenga, chunga 7493, chipu ya kihesabio. Chipu nyingi za pini 14 hupokea volti 5 kwenye pini ya 14, hasi pini ya 7. Hii ni pini ya 5 na ya 10! Ukiiunga kwa mazoea haihesabu, picha huipati. Kapasita za 0.1 µF (za kutuliza umeme) ziwe karibu na chipu, la sivyo vihesabio huruka namba.

Jibu 3: Kabla ya kugusa saketi, kagua sarafu. Pong ya majaribio kule Sunnyvale, California, iligoma. Kumbe kopo la sarafu limejaa pomoni.