Sh 576,000 zimeliwa na mafundi Tabora, kumbe kitufe cha choki kilikuwa hakijashika kitu!

Mwangaluka wakuu. Leo sina salamu ndefu, nina povu.

Nina pikapu Hilux ya kabureta (kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa), injini 2Y, cc 1,812, umri wake umempita utingo wangu. Kazi yake ni kutoa nyanya, mchicha na chainizi bustanini upande wa Igombe na kuzifikisha sokoni hapa mjini kabla jua halijachomoza. Anayefanya biashara ya mboga anaelewa. Ukifika saa kumi na mbili unauza kwa bei yako, ukifika saa mbili unauza kwa bei ya mnunuzi, ukifika saa nne unagawa sadaka. Kwa hiyo gari lazima iwake saa kumi alfajiri. Sisemi saa tatu, nasema saa kumi.

Tangu mwezi wa sita uingie, haiwaki. Napiga selfu, injini inazunguka vizuri tu, inakohoa mara moja, kimya. Narudia, inakohoa, kimya. Mwisho nagonga madirisha ya majirani waje kusukuma, mtu mzima na msuli wangu kiunoni, mbwa wa mtaa mzima wanabweka. Ikishashtuka na kupata moto, gari hiyohiyo mchana kutwa unagusa ufunguo tu imewaka. Shikeni hilo, maana kila fundi nilimwambia na hakuna aliyelisikia.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti vizuri. "Betri hiyo, boss." Hakupima. Mita ya kupimia umeme ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya kichwa chake, nimeiona kwa macho yangu. Nikatoa 260,000 ya betri mpya. Kesho yake alfajiri injini ikazunguka kwa kasi zaidi kuliko jana, na haikuwaka vilevile. Baadaye nikaazima mita kwa kijana wa sola nikaipima ile ya zamani: volti 12.5 ikiwa imelala, na ukipiga selfu haishuki chini ya 10. Betri inayoshuka chini ya 9.6 wakati wa selfu ndiyo unaweza kuilaumu. Yangu ilikuwa mzima wa afya, tena ilikuwa inazungusha injini kila siku mbele ya macho ya fundi!

Wa pili akasema plagi. 36,000. Plagi za zamani alizitoa, akazitupa kwenye kopo bila kuziangalia. Wakuu, plagi ni kama mkojo kwa daktari, inatoa majibu. Umepiga selfu dakika nzima, ukitoa plagi ikiwa kavu, mafuta hayafiki ya kutosha. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, ama mafuta yamezidi ama moto haupo. Zangu zilikuwa kavu kama kuni za kiangazi. Jibu lilikuwa mkononi mwake, akalitupa kwenye kopo.

Alipoona plagi hazijasaidia akasema tufungue kabureta. Seti ya gasketi na sindano 55,000, ufundi 40,000. Kabureta ikarudi inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Alfajiri, kimya.

Wa tatu ndiye aliyenitia hasira mpaka leo naandika. Huyu akasema pampu ya mafuta ya kwenye injini imechoka, akaniwekea ya umeme, 90,000 na ufundi 20,000. Sikujua wakati ule kwamba ile ni pampu ya gari ya EFI, zile za kisasa zisizo na kabureta. Kabureta inataka mafuta yaje kwa upole, presha ya psi 3 mpaka 5 hivi. Pampu ya EFI inasukuma psi 35, 40 na zaidi. Sindano inayofunga mafuta kwenye kabureta itazuia nini hapo? Mafuta yakafurika bakuli la kabureta, yakamwagika kwenye koo lake, yakashuka kwenye silinda, yakaingia kwenye oili. Nikavuta stiki ya oili asubuhi: imepanda juu ya alama na inanuka petroli. Oili ya namna hiyo haina tena kazi ya kulainisha, ukiendesha nayo unasaga beringi. Nikamwaga oili, filta mpya, 75,000. Pampu ya zamani tukaidai, akatuletea kutoka chini ya benchi, tukairudisha, na inafanya kazi mpaka leo!

Na huyohuyo wa tatu ndiye aliyekuwa anamimina petroli kwa chupa ya soda kwenye koo la kabureta huku mwingine anapiga selfu. Injini ikapiga chafya, moto ukaruka. Utingo wangu hana nyusi za jicho la kulia. Ameanza kuchorwa na wanja na dada zake, anacheka, mimi sicheki.

Wa nne akasikiliza mlio kidogo, akafuta mikono, akasema injini imekufa ringi za pistoni, tushushe, ovahoo (kuifumua yote na kuijenga upya) milioni 1 na laki 8. Gari inayobeba kreti za nyanya kutoka Igombe mchana bila kutoa moshi imekufa ringi!

Sasa jumlisheni: 260,000, 36,000, 95,000, 110,000, 75,000. Ni 576,000.

Nimetibiwaje? Kuna mzee jirani yangu, dereva mstaafu, aliendesha malori ya Bedford enzi hizo. Ndiye mmoja wa wale ninaowaamsha wasukume. Siku moja akachoka. Akaniambia, "Mwanangu, leo sisukumi. Fungua boneti." Saa kumi na robo, giza, tochi ya simu. Akatoa kopo la filta ya hewa, akaangalia kama petroli haijamwagika popote, akaweka kiganja chake juu ya koo la kabureta akaziba karibu yote. "Piga." Nikapiga. Mzunguko wa pili, ikawaka!

Akatoa kiganja taratibu, injini ikataka kufa, akaziba tena kidogo, ikatulia. Akanimulikia ndani: kibati cha choki, kile cha kuziba hewa injini ikiwa ya baridi, kimefungwa kwa waya mwembamba kikiwa wazi kabisa, na waya wa choki wenyewe umekatwa, ncha imekunjwa na kuchomekwa pembeni.

Wakuu, kile kitufe kwenye dashibodi nilikuwa nakivuta kila alfajiri. Nakivuta mpaka mwisho, kwa imani yote. Kilikuwa kinavuta hewa!

Hapo nikakumbuka. Mwezi wa tatu nilipeleka gari kuoshwa kabureta kwa sababu ilikuwa inakunywa. Huyo sikumhesabu na wale wanne maana sikujua kama naye yumo. Nikamfuata. Hakukataa hata kidogo, alijibu kwa kujiamini kabisa: "Niliifunga isile mafuta. Choki ya nini bwana, kwani Tabora ni Makete?"

Jamani. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba alfajiri inashuka mpaka nyuzi 14, 15. Kweli si Makete, hatuoni umande ukiganda. Lakini injini haihitaji barafu ndiyo isikie baridi. Petroli haiwaki ikiwa maji, inawaka ikiwa mvuke. Injini ikiwa ya moto, sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito zinatosha. Ikiwa imelala nje usiku kucha, petroli nyingi inabaki matone ukutani mwa manifoldi (njia ya kutoka kabureta kwenda silinda) kama jasho kwenye glasi ya maji baridi, kinachofika kwenye plagi ni hewa tupu. Choki inaziba hewa, injini inanyonya kwa nguvu, petroli inakuja nyingi zaidi ili hata kile kidogo kinachogeuka mvuke kitoshe. Tena kile kibati kikifunga kinasukuma na mkono unaopandisha kidogo sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta), ndiyo maana gari yenye choki nzima haikulazimishi kukanyaga mafuta dakika tano kama unapiga cherehani. Mwezi wa tatu asubuhi kuna joto, ikawaka bila choki, akajiona profesa.

Lakini huyo angalau alifunga kitu kwa sababu yake. Hasira yangu kubwa iko kwa wale wanne. Wa pili na wa tatu walitoa kopo la filta. Walikiona kibati kimefungwa kwa waya. Kwa nini hawakushtuka? Kwa sababu gari yangu walikuwa wanaiona saa nne! Gereji inafunguliwa saa mbili na nusu, fundi anakunywa chai na chapati, gari imesukumwa, imekuja kwa moto wake yenyewe, imeshachemka. Anaiwasha, inawaka. Anaizima, anaiwasha, inawaka. Kisha anaanza kubahatisha kwa hela yangu. Ugonjwa wa alfajiri anautibu mchana! Nilimwomba wa pili, "Kaka, lala nayo, uiwashe wewe mwenyewe kesho kabla hujaisogeza." Akasema gereji haina mlinzi. Nilimwomba wa nne aje kwangu saa kumi, nauli na chai juu yangu. Alinitazama kama nimemwambia tukaibe.

Matengenezo yenyewe sasa. Waya wa choki wenyewe sikuupata haraka, nikanunua waya wa breki ya baiskeli, 2,500. Mji huu baiskeli hazijawahi kupungua. Angalizo kwa atakayeiga: waya wa breki unavuta tu, hausukumi kurudi. Usipoweka springi ya kukirudisha kibati, choki inabaki imefunga na utalia na mafuta kweli, kisha utaifunga kwa waya kama yule bwana. Springi 1,000. Jumla 3,500. Mzee nilimnunulia sukari kilo mbili, hiyo sihesabu.

Leo ni siku ya sita. Navuta choki, nakanyaga pedeli mara mbili, naacha, napiga selfu. Inawaka. Baada ya dakika moja narudisha nusu, nikifika lami narudisha yote.

NYONGEZA, saa mbili usiku, baada ya kusoma maoni yenu:

Mliosema nami ni mjinga kwa kutokagua mwenyewe: nakubali. Endeleeni.

Mkuu wa Kasulu uliyeuliza, choki yako unasema inafunga vizuri lakini lazima upige selfu muda mrefu ndiyo iwake. Kabla hujanunua chochote fanya hivi gari ikiwa ya baridi. Toa kopo la filta, usiwashe, chungulia kwenye koo huku unavuta mkono wa mafuta kwa kidole. Lazima uone petroli inaruka kama sindano ya daktari. Kama hairuki, ama bakuli limekauka usiku ama kile kipampu cha ndani ya kabureta mpira wake umekufa. Kabureta nyingi za Toyota zina kidirisha cha kioo kwenye bakuli, mulika tochi, mafuta yawe kwenye alama ya katikati. Asubuhi kidirisha kitupu, jioni kimejaa, basi mafuta yanakimbia usiku na selfu yako ndefu ni pampu inajaza bakuli upya.

Aliyesema tuwe tunaziba kwa kiganja kila siku: acha. Mzee alifanya mara moja kupima, na alikuwa ameangalia kwanza kama kuna petroli imemwagika. Muulize utingo wangu habari za chafya ya kabureta.

Na wewe uliyefurikisha mafuta kwenye injini baada ya kuvuta choki mara kumi: rudisha choki yote, kanyaga pedeli mpaka chini uishikilie hapohapo bila kupampu, piga selfu. Itajikausha.

Majina ya gereji sitaji, msinisumbue. Betri ya zamani pia siuzi, inawasha taa ya banda la kuku na kuku wanataga.