Naomba ushauri: nitoboe ukuta ili reli yangu ya mfano iingie chumba cha pili?

MtuWaStesheni: Wadau, habari zenu. Naomba ushauri wa haraka, fundi anangoja jibu langu. Nina reli ya mfano hapa nyumbani Buruburu, kipimo cha 1:87, njia (upana kati ya reli mbili) ya milimita 16.5. Mombasa, daraja la Tsavo na stesheni ya Nairobi zimeshajaza pande tatu za chumba. Sasa nataka treni ishuke Bonde la Ufa kisha ipande hadi Timboroa, na nafasi imeisha. Chumba cha pili kiko wazi. Tundu liwe la ukubwa gani, na juu kiasi gani kutoka sakafuni? Ukuta ni wa mawe ya mashine.

FundiUmoja: Toa jiwe moja zima, usikate nusu ya hili na nusu ya lile. Linta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, usiiguse. Reli ipite ukutani ikiwa imenyooka, kwa sababu behewa refu likipinda hutokeza ubavu na litakwaruza jiwe. Na kabla ya nyundo, jua nyaya za umeme zimepita wapi. Za reli zina volti 15 hivi, za ukutani 240.

MamaWawili: Chumba kiko wazi? Nairobi hii?

MtuWaStesheni: Hutumika mara mojamoja. Tafadhali turudi kwenye tundu.

MzaliwaMakongeni: Umenikumbusha marehemu baba. Alikuwa fayamani, mchochea moto, wa East African Railways kwenye zile injini kubwa za mvuke, Garratt za klasi 59. Zilitengenezwa Manchester na Beyer Peacock, 34 zote, na zilipewa majina ya milima. Watu hudhani zilikula makaa, la, zilichoma mafuta mazito. Baba akirudi kutoka Mombasa shati lilinuka mafuta hayo hata baada ya kufuliwa, na sisi watoto tulishindana nani amfikie kwanza. Mount Gelai, namba 5918, iko pale makumbusho ya reli. Wajukuu wangu nawapeleka waiguse. Kijana, hakikisha 59 iko kwenye reli yako.

MtuWaStesheni: Shikamoo mzee. Ninayo! Ndiyo inayopita Tsavo.

MamaWawili: Hujanijibu. Nani hulala humo?

MtuWaStesheni: Ni chumba cha mama. Yuko Taveta kwa dada yangu, atarudi mwezi ujao. Lakini mama mwenyewe anapenda treni, na ubao utapita juu ya upande wa kichwani mwa kitanda tu, hautamsumbua. Tena jiwe lilishatolewa Jumamosi. Kwa hiyo siulizi kama nitoboe, nauliza nimalizie vipi.

Wakili_wa_Mtaa: Ndugu yangu, chumba cha mzazi unakiingilia na nyundo akiwa safarini? Hata kama angekubali, kuulizwa ni haki yake. Mpigie leo.

KijanaWaRongai: Mama atalala Mtito Andei aamkie Timboroa, na tiketi hajakata 😂

Sentimita: Naona mnadanganywa. 16.5 mara 87 ni kama milimita 1,435, upana wa reli mpya ya SGR iliyofunguliwa 2017. Garratt za hapa zilikimbia kwenye reli ya mita moja, ambayo kwa 1:87 ni njia ya milimita 12. Na hiyo Timboroa? Kupanda sentimita 20 kwa mwinuko wa asilimia 2 kunataka mita 10 za reli. Ubao wa kichwani mwa kitanda utazitoa wapi? Hii ni hekaya: hakuna reli, hakuna mama, hakuna jiwe. Weka picha.

MzaliwaMakongeni: Hesabu yako ni sawa, lakini wengi hutumia 16.5 kwa sababu ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Usimwite mwongo kwa hilo.

MtuWaStesheni: Asante mzee. Njia nililetewa na binamu kutoka Ujerumani, na mwili wa Garratt nimeuunda kwa mkono juu ya magurudumu ya upana huo. Picha nitaweka. Na hizo mita 10 zipo: reli itazunguka chumba chote ikipanda polepole.

MamaWawili: Chumba chote. Kutoka kichwani mwa kitanda tumefika chumba chote.

MtuWaStesheni: Kitanda kitabaki. Kitasogezwa tu katikati.

FundiUmoja: Sikiliza. Panda ukiwa chumbani mwako. Upande wa nne una nini, mlango? Weka daraja la kuinua hapo, na swichi inayokata umeme wa reli likiinuliwa, ili treni isimame kabla haijaanguka. Kisha kwenye kona moja reli ijizungushe ikipanda kama ngazi ya duara. Ukianza na sentimita 60 kutoka katikati, mzunguko mmoja ni karibu mita 3.8. Kwa asilimia 2.5 unapata zaidi ya sentimita 9, na treni inapita chini yake. Mizunguko miwili au mitatu uko Timboroa. Jiwe nitakurudishia mimi, mchanga na saruji tu ndivyo utakavyonunua.

Sentimita: Kwa mwinuko huo punguza mabehewa. Injini nyepesi itateleza. Picha bado nangoja.

MtuWaStesheni: Nimempigia mama. Amesema jiwe lisirudishwe mpaka aje alione kwa macho yake. Habari ya kitanda hatukuifikia. Fundi, hiyo kona nitaijaribu kwanza kwa mbao nilizo nazo. Lakini mama akikubali, lile tundu niliache kimo gani?