Ushauri: Biashara ya vitunguu ya Namanga imekua, na wazee wa chama wananitaka. Nishike lipi?

Gunia Jekundu (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya watu wazima, usingizi umenipaa.

Mimi nauza vitunguu, makao yangu Arusha. Nanunua Mang'ola kule Karatu, napakia Fuso, navuka Namanga, mzigo unashuka Nairobi. Nilianza kwa kukodi nafasi kwenye magari ya watu, sasa hivi msimu ukikolea gari zangu zinapishana njiani. Serikali ilisema uchumi ulikua asilimia 5.5 mwaka 2024, na mimi sibishi, maana naona Mang'ola wakulima wanaezeka nyumba na vijana wangu wa kupakia wamejinunulia bodaboda.

Shida ni hii. Wazee wa CCM kwenye kata yetu wamenifuata. Uchaguzi wa ndani ya chama ni 2027, wanataka nianze kujipanga mapema, nishike nafasi ngazi ya kata, halafu mbele ya safari udiwani. Mke wangu hataki hata kusikia. Mimi nafsi inataka. Ushuru wa mazao na mageti ya barabarani vinaamuliwa kwenye vikao, na mtu ukiwa nje ya kikao huna pa kusemea.

Je, siasa na biashara ya mpakani vinakaa nyumba moja? Ushauri tafadhali, matusi hapana.

Tonge Nyama
Kugombea kunataka vitu viwili: hela na ngozi ngumu. Hela unayo. Ngozi tutaijua kwenye uzi huu huu.

Mzee wa Kaloleni
Mwanangu, sisi tulioishi Arusha ya zamani swali lako tunalijua. Azimio la Arusha lilipopitishwa hapa mjini mwaka 1967 lilikuja na miiko: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Baba yangu alikuwa na vyumba viwili vya kupangisha na cheo kidogo cha chama. Aliacha cheo, na hakujuta mpaka anaingia kaburini. Kwenye kikao cha CCM Zanzibar 1991 miiko ile ikalegezwa, na tangu hapo mfanyabiashara na kiongozi wakawa mtu mmoja. Mimi sijawahi kuona hilo likimsaidia mnyonge. Uza vitunguu vyako, uachane na vikao.

Dada wa Sakina
Mzee shikamoo. Mimi nimekwama kwenye sentensi moja tu: "Mke wangu hataki hata kusikia." Kwa nini hataki? Hilo hujalisema.

Gunia Jekundu
Wanawake wengi wanaogopa siasa, dada. Fitina, ushirikina, mikutano ya usiku. Kawaida tu.

Dada wa Sakina
Mimi ni mwanamke na nimekuwa mjumbe wa serikali ya mtaa. Mwanamke aliyekaa na wewe tangu unakodi nafasi kwenye magari ya watu hawezi kuamka siku moja akaogopa mikutano ya usiku. Kuna kitu anakijua na wewe unakijua.

Kizalendo
Tusipoteze lengo. Nchi inahitaji wafanyabiashara wazawa ndani ya chama. Wenzetu wa ng'ambo ya Namanga wanasiasa wao wote ni wafanyabiashara, ndiyo maana wanalinda soko lao. Machi 2021 walizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, magari yakapanga foleni mpakani na nafaka ndani. Zuio likaondolewa kwa masharti siku chache baadaye, lakini hasara ya wale wenye magari alilipa nani? Gombea mkuu.

Wakili Njiro
Mwanzisha uzi, nikuulize moja kwa moja. Mtaji ni wa nani? Kutoka kukodi nafasi mpaka gari kupishana, kwa bei ya Fuso ninayoijua mimi, kuna mtu wa pili hapo.

Tonge Nyama
Wakili ameingia na faili.

Gunia Jekundu
Sawa, nitasema, maana nimekuja kuomba msaada. Mtaji mkubwa ni wa rafiki yangu wa Kajiado, Mkenya. Leseni, TIN na akaunti ni jina langu. Wakati wa mavuno anakuja Mang'ola, anaingia shambani, anakagua kitunguu, anapatana bei na mkulima, mimi nalipa. Faida tunagawana.

Naomba msinihukumu. Tulianza hivyo kabla ya hayo mambo ya 2025, na huyu mtu ndiye aliyeniamini wakati benki zinanidai hati ya nyumba ambayo sina. Sijamwibia mtu, ushuru nalipa, wakulima wanalipwa palepale. Pesa ya msimu huu ameshaingiza na wakulima wameshachukua malipo ya awali, siwezi kuwaambia rudisheni. Na wazee wa kata nimeshawaambia nipo tayari, hata mabati ya ofisi ya tawi nimechangia. Kwa hiyo swali langu linabaki palepale: navibebaje vyote viwili?

Dada wa Sakina
Kumbe mama watoto alikuwa sahihi.

Wakili Njiro
Ndugu, hayo unayoyaita "mambo ya 2025" ni amri ya waziri ya Julai mwaka ule, inayozuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Kununua mazao shambani imo, imeandikwa. Imo na uwakala wa forodha, udalali, kutuma na kupokea pesa kwa simu, ufundi simu, saluni isipokuwa ya hotelini au ya utalii. Asiye raia akikutwa ni faini isiyopungua milioni 10, au jela isiyozidi miezi 6, na kibali chake kinafutwa. Raia anayemsaidia naye ana fungu lake: milioni 5 au miezi 3. Raia huyo ni wewe.

Sasa weka hilo kwenye siasa. Leo wewe ni mwenye Fuso tu, hakuna anayekufuatilia. Siku utakayochukua fomu, mwenzako anayeitaka nafasi ile ile hatahitaji hata kukutukana. Atatuma kijana Mang'ola aulize "huyu anayepatana bei ni nani?" Wakulima watamjibu kwa nia njema kabisa.

Kizalendo
Na amri ile ni sahihi asilimia mia. Mgeni akifika shambani mwenyewe anapanga bei, anapanga na gunia la lumbesa, lile linalojazwa kupita kipimo. Mkulima anabaki kibarua kwenye ardhi yake. Wewe mwanzisha uzi ni mlango wa nyuma.

Mkulima Eyasi
Mimi ndiye huyo mkulima unayemsemea. Nalima Mang'ola kwa maji ya chemchemi, nimerithi kwa mzee. Lumbesa nimeijulia kwa madalali wa hapa hapa nchini, Watanzania wenzangu, kabla Mkenya hajakanyaga shamba langu. Tofauti ni kwamba Mkenya anakuja na pesa mkononi na wengine wanakuja na ahadi. Wasipokuja wanunuzi wa Nairobi kitunguu kinalala shambani na bei anapanga anayebaki. Mlinde mzawa, ni sawa, lakini mzawa ni mimi pia.

Na kuzuiana hakukuanza kwao tu. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilichomwa moto na serikali yetu pale Namanga. Wafugaji wa kuku wa pande zote mbili wanakumbuka.

Wa Kitengela
Mimi ni Mkenya na huwa nasoma tu hapa, lakini leo niseme. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa sahihi huko kwenu Arusha Novemba 2009, ikaanza kazi Julai 2010. Inasema mtu wa Afrika Mashariki anaweza kufanya kazi na kuanzisha biashara upande wa pili. Halafu mtu akija na pesa yake anaitwa mgeni. Inaumiza. Watanzania wako hapa kwetu na maduka, hatuwasumbui.

Mzee wa Kaloleni
Kijana wa Kitengela, karibu. Wewe hukuwepo, nikusimulie. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikufa 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983 tulipopatana hapa Arusha. Ile miaka mimi nilikuwa kijana, mke wangu ni wa Rombo. Sabuni ya kuoshea mtoto wetu wa kwanza ilitoka Loitokitok usiku, kichwani kwa shangazi yake, kupitia migombani. Kipande kimoja tulikikata kwa uzi mara nne tukagawana na majirani. Ilipofika 1983 Sokoine, waziri mkuu wa wakati ule, akaanza kuwasaka wahujumu uchumi, shangazi akachimbia sukari kilo mbili shambani, ikanyeshewa mvua ikayeyuka yote. Alikuwa mama wa kawaida kabisa. Kwa hiyo nikisikia vijana wanashangilia kufunga, na wa upande ule wanajibu kwa kufunga, roho yangu haitulii.

Jicho la Tai
Wakuu mnapotezewa muda. Soma bandiko la kwanza tena: takwimu za ukuaji wa uchumi, sifa za wakulima kuezeka nyumba, halafu chama. Huyu ni kada anapima upepo, au mwandishi anatafuta watu wa kunukuu. Mtu mwenye kosa la milioni 5 haji kuliandika hapa. Kama wewe ni wa vitunguu kweli, tuambie kitunguu cha Mang'ola kinaandaliwaje kabla ya kupanda gari.

Tonge Nyama
Mtihani umeanza, simu chini.

Gunia Jekundu
Nakujibu kwa sababu hilo linaniuma kuliko faini.

Kitunguu kikikomaa majani yanalala yenyewe. Kinang'olewa, kinalazwa kwa mstari shambani, majani ya mstari huu yanafunika vichwa vya mstari ule ili jua lisikichome. Shingo ikikauka akina mama wanakaa chini na visu wanakata mkia, wanaacha kipande kidogo. Ukikata karibu sana na kichwa kinaoza, ukiacha shingo mbichi kinaoza vilevile. Ndipo kinaingia kwenye nyavu nyekundu. Ukipakia baada ya mvua umekwisha: foleni ikikushika Namanga, magunia ya chini yanatoa maji, na harufu ile mteja wa Nairobi anaisikia kabla hujafungua turubai. Hizo takwimu niliweka kwa sababu ndizo zinazosomwa kwenye vikao vya kata ninavyoalikwa.

Mkulima Eyasi
Huyo ameshika kitunguu. Kada au siyo kada, ameshika kitunguu.

Jicho la Tai
Ya shambani nimekubali. Ya mwekezaji bado naihifadhi.

Mama Holili
Jamani, kijana ameomba ushauri. Mimi navusha maharage Holili kwenda Taveta, na nilikuwa na mtu wa namna hiyo hiyo upande wa pili. Tulichofanya: yeye akawa mteja. Shambani haingii, bei hapatani. Ananiagiza kwa maandishi, tani kadhaa, daraja fulani, bei fulani, analipa sehemu kabla, nyingine mzigo ukifika. Kununua nanunua mimi, kwa uamuzi wangu, na hasara ya shambani ni yangu. Faida yake anaipata kwao, yangu naipata huku. Mpakani naomba kile cheti rahisi cha uasili, cha kuonyesha mzigo umetoka nchini kwetu, napita.

Wakili Njiro
Mama amesema vizuri, niongeze mawili. Cheti rahisi ni cha mzigo usiozidi dola 2,000, na Fuso ya vitunguu inavuka hapo, kwa hiyo omba cheti kamili cha uasili forodha, na cha afya ya mimea usikisahau. La pili: isiwe karatasi ya kuficha. Kama bado anakaa shambani anapanga bei na mnagawana faida, mkataba wa mauzo hautakuokoa. Lazima kazi yenyewe ibadilike. Fomu ya chama usiiguse mpaka hilo limekamilika.

Dada wa Sakina
Na umwonyeshe mkeo huu uzi wote, hata sehemu uliyosema wanawake wanaogopa.

Gunia Jekundu
Dada, hilo nimelipokea. Mama Holili naomba nikufuate PM nione hayo maandishi mliandikaje. Jamaa wa Kajiado nitaongea naye kesho, nadhani ataelewa, ila sijui kama atakubali kubeba faida ndogo.

Wazee wa kata siwezi kuwaambia sitaki, nitawaomba wasubiri. Na mzigo wa wiki hii utaenda kama ulivyo, wakili usinikasirikie, vitunguu vimeshakatwa mikia.

Wakili Njiro
Sikukasirikii. Lakini jamaa asikanyage shambani wiki hii.

Gunia Jekundu
Ameshafika Karatu tangu mchana.