Gumzo la majirani wa Kitangiri, Mwanza: Je, Totoro ni filamu ya watoto peke yao?

Baba Masanja: Habari za jioni, majirani. Nawashukuru vijana waliofunga shuka na kubeba spika jana, na Mama Neema kwa uwanja wake. Hata hivyo nina hoja. Tulikubaliana kwamba sinema ya Jumamosi iwe ya familia nzima, lakini ile katuni ya Kijapani ya Totoro, kwa maoni yangu, ilikuwa ya watoto. Nilikaa muda mrefu nikimsubiri adui atokee, na filamu ikaisha bila adui. Napendekeza Jumamosi ijayo watoto wawekewe katuni yao mapema, kisha sisi wakubwa tuwe na filamu yetu wakishalala.

Mama Neema: Karibuni tena wakati wowote, uwanja ni wenu. Baba Masanja, naomba nitofautiane nawe kwa heshima. Adui alikuwepo tangu mwanzo, ila hakuwa na sura. Mama wa wale mabinti amelazwa hospitali, baba yao anafundisha chuo kikuu huko mjini, na Satsuki, yule binti mkubwa ambaye bado ni mtoto wa shule ya msingi, ndiye anayeamka kuwapikia wote chakula cha kubeba kwa sababu baba amepitiwa na usingizi. Watoto waliona jiko na mvuke. Mimi, kwa kazi yangu ya uuguzi, niliona kifungua mimba aliyebebeshwa nyumba kabla ya wakati wake, na nyumba za namna hiyo ninazifahamu hapa hapa mtaani kwetu.

Dada Limi: Shikamooni. Mimi naungana na Baba Masanja kwa sehemu. Wadogo walifurahi, na wazazi wengi walitulia, lakini wale wa umri wa miaka 13 hadi 15 waliondoka mmoja mmoja wakaenda kusimama barabarani. Filamu ile inampendeza mtu ambaye bado ni mtoto na mtu ambaye ameshazoea kwamba alikuwa mtoto. Aliye katikati anaona aibu kucheka basi lenye umbo la paka, na bado hajapata sababu ya kumlilia mama aliyelazwa wodini.

Mwalimu Kabula: Marahaba, Limi, umesema jambo la kweli na sitalipinga. Naomba nieleze kwa kirefu kidogo, kwa kuwa mimi ndiye niliyeichagua filamu hii.

Filamu ilitoka Japani mwaka 1988 na inachukua dakika 86. Mtunzi na mwongozaji wake, Hayao Miyazaki, alizaliwa mwaka 1941, na katika utoto wake mama yake aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miaka mingi. Kwa hiyo ile hospitali haikuwekwa ili hadithi ipate huzuni ya kupambia. Mwenye kusimulia alikulia ndani ya hofu hiyo, na anaifahamu jinsi inavyokaa nyumbani hata siku ambazo watu wanacheka.

Zipo katuni nyingi zinazojaribu kuwapendeza wakubwa kwa kuwatupia mzaha ambao mtoto hawezi kuuelewa, ili mzazi acheke pembeni huku mtoto akiangalia rangi. Mimi sizipendi, maana zinawagawa watu waliokaa kwenye mkeka mmoja. Totoro haifanyi hivyo. Tukio ni lilelile kwa wote, ila mkubwa analijua jambo moja ambalo mtoto hajalijua.

Chukueni pale Mei, mdogo wake Satsuki, anapopotea. Ana miaka minne, ameshika hindi alilolichuma kwa mikono yake, akiamini kwamba mama akilila atapona, na ameondoka peke yake kwa miguu kuelekea hospitali ambayo ni mbali mno. Wanakijiji wanakuta kandambili moja ndogo bwawani. Wanaume wanachokoa maji kwa miti mirefu, na bibi jirani ameikumbatia ile kandambili akiomba. Mtoto anayetazama anataka kujua Mei yuko wapi. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunajua wale wanaume wanatafuta nini ndani ya maji. Kisha Satsuki anafika akihema, anaitazama, anasema si ya Mei. Jana uwanja mzima ulishusha pumzi kwa pamoja, wakubwa na wadogo, ingawa sababu hazikuwa sawa.

Baba Masanja: Mwalimu, hapo sitabisha. Kazi yangu ya dagaa imenifikisha mwaloni alfajiri ambazo watu wamekusanyika hivyo, na jana nilisimama kwenye kiti bila kujua kwamba nimesimama. Lakini hilo ni tukio moja. Hoja yangu ni zile dakika nyingine zote: mtoto anafuata viluwiluwi, anatazama mdudu, anaokota mbegu. Mtu aliyetoka kazini amechoka anapata nini pale?

Mama Neema: Anapata kumwona mtoto wake. Nisameheni kwa kujibu kwa haraka, lakini ndivyo ninavyoamini. Mei alipokuwa akichungulia chini ya nyumba kwa muda mrefu bila neno lolote, Neema wangu aliacha kutazama shuka akageuka kunitazama mimi, kuhakikisha kwamba nami naona. Ni mara ngapi tunakubali kutazama kitu kwa mwendo wao?

Baba Rehema: Asalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi sina tatizo na mwendo wa filamu, nina swali la imani. Yule Totoro, lile dude kubwa la manyoya, anaishi ndani ya mti mkubwa wa mkafuri, na baba wa watoto anawapanga mbele ya mti, wanauinamia na kuushukuru kwa kumlinda Mei. Binti yangu aliniuliza usiku kama mwembe wetu nao una mwenyewe. Sisi tunaofundisha watoto kwamba kinachoinamiwa ni Mwenyezi Mungu peke yake tunajibu nini? Swali hili naamini ni la misikitini na makanisani pia.

Mwalimu Kabula: Waaleikum salaam, Baba Rehema. Swali lako ni la haki, na nilipaswa kuwaarifu wazazi mapema. Ile ni desturi ya Wajapani, ambao kwa jadi yao miti mikubwa na vilima huhesabiwa kuwa na walinzi, na filamu inaionyesha kama sehemu ya maisha ya kijiji cha miaka ya 1950. Kila mzazi ataieleza nyumbani kwake kwa mujibu wa dini yake.

Ninachoomba tu usikiache ni kile kilichotangulia kuinama. Mei amesema amemwona Totoro, anawapeleka dada na baba, njia imepotea, dada anacheka, na mtoto anakasirika akisema yeye si mwongo. Baba anamwambia kwamba anamwamini. Katika miaka yangu ya kufundisha nimewaona watoto wengi walioacha kusimulia kwa sababu jibu la kwanza walilopata nyumbani lilikuwa kicheko. Pale filamu inazungumza na mzazi moja kwa moja, na mtoto aliyekaa karibu naye anasikia pia kwamba inawezekana kuaminiwa.

Baba Rehema: Nimekuelewa, na hilo la kumwamini mtoto nalikubali kwa moyo wote. La mti nitalizungumza na Rehema mwenyewe. Naomba tu siku zijazo tuelezwe kabla.

Bibi Nyanzala: Wajukuu zangu, mjukuu ananiandikia, mimi nasema. Kiingereza cha ile sinema sikukisikia, na Mwalimu alipokuwa akitafsiri kwa sauti spika ilimzidi. Lakini pale kituoni kwenye mvua hakukuwa na haja ya mtafsiri. Msichana amembeba mdogo wake mgongoni amelala, basi la baba limechelewa, giza linaingia, na lile dude likaja likasimama kando yake na jani kichwani. Akalipa mwavuli. Tone likaanguka juu ya mwavuli, dude likashtuka, likaipenda ile sauti, likaruka juu kwa nguvu zake zote mpaka maji yote ya mitini yakamwagika. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na mjukuu wangu wa miaka mitano alicheka wakati uleule.

Kwetu Usukumani, zamani, wazee walikaa na vijana kwenye shikome, moto wa jioni, na hadithi ya sungura na fisi ilisikilizwa na mwenye mvi na mwenye kamasi. Hakuna aliyesema hii ni ya wadogo, tuondoke. Masanja, usiwatenge watoto na sinema yenu. Mkiwatenga watajifunza kwamba raha ya wakubwa ni ya kufichwa.

Baba Masanja: Shikamoo Bibi. Nimesikia, na pendekezo la kuwalaza watoto kwanza naliondoa. Hata hivyo nabaki na maoni yangu kwamba sehemu ya kwanza ni ndefu, na sitaki kuambiwa kwamba mtu asiyeipenda hana moyo.

Mama Neema: Hakuna atakayekuambia hivyo, Baba Masanja. Mume wangu naye alisinzia kabla ya Totoro kuonekana, akaamka watoto walipopiga kelele basi la paka lilipokuja, na mpaka sasa anasema ilikuwa filamu nzuri.

Dada Limi: Nina wazo kuhusu wale wa barabarani. Badala ya kuwatafutia filamu yao, tuwape kazi. Mmoja wao atafsiri kwa Kiswahili akiwa na maiki, kama wafanyavyo watafsiri wa vibanda umiza, lakini awe ameitazama filamu mapema na kujua mahali pa kunyamaza. Pale kituoni, kwa mfano, mtafsiri mzuri asingesema chochote.

Mwalimu Kabula: Limi, hilo nalipokea mara moja. Tuma majina ya wawili watakaokuwa tayari, nami nitawapa filamu ya Jumamosi ijayo mapema. Maudhui yake nitayaandika hapa kikundini ifikapo Alhamisi, pamoja na lolote la kiimani au la kutisha, ili kila mzazi aamue mwenyewe.

Baba Rehema: Nashukuru sana. Mimi nitaleta mkeka wa pili, maana jana watoto walibanana.

Baba Masanja: Na kama kutakuwa tena na mtoto anayepotea karibu na maji, Mwalimu, niambieni mapema. Nitakaa mbele na wadogo.