Waandaaji wa usiku wa gemu Arusha, acheni kuwachuna wanaoanza

Wakuu, salamu baadaye, hili limeshakuwa kero.

Bango la Tekken, gemu la kupigana, linasambaa kwenye magrupu: "Usiku wa Tekken 7, wanaoanza mnakaribishwa, kiingilio buku tano." Dogo anatoka Sombetini, mwingine anapanda Coaster kutoka Moshi, wanalipa. Wanasubiri weee, halafu raundi ya kwanza wanapangwa na mtu aliyeanza Tekken enzi za PS1. Wanapigwa mbili bila, kwisha habari. Wasiporudi tena mnasema vijana waoga. Waoga wapi, mmewala hela!

Hesabu ni ya darasa la tatu. Watu 16 kwenye mtoano wa ukipoteza unatoka: 8 wanaondoka baada ya mechi moja tu. Wapangeni makundi manne ya watu wanne, wakongwe mkiwatawanya kila kundi. Kila kundi lina mechi 6, jumla 24, na kila mtu ana uhakika wa mechi tatu. Ukikadiria dakika nane kwa mechi na TV mbili, ni saa moja na dakika 36. Wawili wa juu kila kundi ndio waende mtoano. Msiseme muda hautoshi wakati bango linaandika saa kumi jioni na pedi ya kwanza inashikwa saa moja usiku, watu wa Moshi wakianza kuwaza gari la kurudi.

TV sasa. Mnaleta inchi 55 mnaona mmemaliza. Ukubwa si hoja! Gemu linakwenda fremu 60 kwa sekunde, fremu ni picha moja moja zinazopita kwenye skrini. TV ikiwa kwenye picha ya sinema na vikorombwezo vya kulainisha mwendo vimewashwa, picha inaweza kuchelewa hata sehemu ya kumi ya sekunde, yaani fremu 6. Chukua teke la chini la polepole, linalochukua fremu 25 kufika, lile ambalo mtu anatakiwa alione na alikinge. Zimebaki 19, na jicho na kidole vya binadamu vinakula karibu zote. Mgeni anafagiwa miguu usiku kucha akidhani yeye ndiye mzito. Mwenyeji wa ukumbi hahangaiki, keshaizoea TV ile. Dawa ni dakika moja: ingia menyu ya picha, weka hali ya gemu, zima ulainishaji. Kama TV haina hali hiyo, tafuteni monita ya kompyuta, hata ya inchi 22.

Pedi nazo: kwenye PS4, kuchomeka waya peke yake hakutoshi, pedi inaweza kuendelea kutumia Bluetooth huku waya unachaji tu. Ingia mipangilio, vifaa, pedi, kisha badili njia ya mawasiliano iwe USB (pedi za toleo la kwanza hazikubali). Na kila pedi iliyounganishwa na mashine hiyo lakini haiko mezani izimwe, maana mtu huko nyuma akigusa kitufe cha PS mechi inakatika katikati ya kombo (mapigo yanayofuatana bila mwenzio kuweza kujibu), kisha ugomvi.

Lakini kinachoudhi zaidi ni ushauri wenu. Mgeni anauliza afanyeje, anaambiwa "kariri kombo". Kombo ya nini kwa mtu ambaye hata kukinga hajui? Mwingine anamwambia achuchumae muda wote, maskini anachuchumaa, anakula teke la kuruka la kati (pigo la kati linampata aliyechuchumaa), anapaa, nusu ya damu imekwenda. Mwambieni hivi: simama, kinga ukiwa umesimama, kwa sababu mapigo ya kati ndiyo yanayorusha watu hewani. Vile viteke vidogo vya chini vikupate, havikuui. Kuchuchumaa ni kwa teke la chini la polepole, au ukishasoma kwamba mwenzio anakuja kukukamata.

Baada ya hapo, vitu vitatu tu. Ngumi ya haraka, kitufe cha mraba, inayofika kwa fremu 10. Pigo moja la kati la kumzuia anayechuchumaa. Adhabu moja, yaani pigo la kumjibu mwenzio ukishakinga lake. Hii ya adhabu hamwafundishi kabisa. Teke la kuruka, kwa wahusika wengi, likikingwa linamwacha aliyelipiga nyuma kwa fremu 13, yaani wewe unaweza kusogea fremu 13 kabla yake. Mraba kisha pembetatu inatoka kwa fremu 10, hana pa kukwepea. Mgeni akijua hilo moja, mkongwe anayerukaruka ovyo atatulia.

Na pigo lako likikingwa, acha kubonyeza! Nusu ya vipigo vya wanaoanza vinatoka hapo: ameshakingwa, bado anatwanga vitufe, anakatwa.

Halafu kwenye kuchagua mhusika mnawapa Kazuya eti ni mkali. Ngumi yake ya umeme inataka vidole vya fremu moja, mgeni ataitoa wapi? Mpeni Paul. Eddy ndiyo usiseme, anayeanza naye anabonyeza mateke tu, anashinda wenzake wawili, hajifunzi chochote. Anayepigwa na Eddy aambiwe asubiri msururu uishe ndipo ajibu, na jamaa akishalala chini asimpige ngumi za juu, zinapita hewani.

Na yule MC anayewacheka watu kwenye spika wakipigwa raundi bila kugusa, mpokonyeni maiki.