Kichanga kazaliwa na jino, wazee wanasema ni kigego. Naomba ushauri

Dada wa Chumbageni
Habari za jioni wanajamvi. Mdogo wangu kajifungua juzi hapa Tanga mjini, mtoto wa kike, mzima, ananyonya. Wakati wa kumwogesha, mama mkwe akaona jino kwenye ufizi wa chini, mbele kabisa. Ukiligusa linacheza kidogo. Tangu hapo nyumba haina raha. Shangazi wa mume anasema huyo ni kigego, atawamaliza wazazi wake, na kuna bibi nje ya mji anayajua mambo haya, apelekwe kesho kutwa aling'oe na kumfanyia dawa. Mdogo wangu analia tu, anajiuliza alikosea nini kwenye mimba. Alikuwa anakula udongo, na mwezi wa pili, kabla hajajua kama ana mimba, alimeza dawa za UTI. Shemeji yuko katikati, hajui amsikilize nani. Naomba ushauri wa wanaojua, si wa kutisha watu.

Mama Wawili
Hongera kwanza dada, maana naona hongera imesahauliwa humo ndani. Mtoto asitoke kwenda popote usiku. Subiri wataalamu.

Tabibu wa Meno
Dada, mwambie mdogo wako hakukosea kitu. Wengi tunadhani meno yanaanza kuumbwa mtoto anapotoa udenda na kung'ata vidole, kumbe kazi ilianza zamani. Kwenye wiki ya 6 hivi tangu mimba kutungwa, utando unaofunika taya changa unanenepa na kufanya ukanda, mmoja juu, mmoja chini. Humo huchipuka vichipukizi 10 juu na 10 chini, ndiyo meno 20 ya utotoni. Kila kimoja kinazama kwenye nyama ya taya, kinajikunja mpaka sura ya jino inajulikana: hili la mbele, hili chonge, hili gego. Seli za utando zinatengeneza enameli, ile sehemu ngumu ya nje. Seli za nyama iliyo chini yake zinatengeneza dentini, sehemu ngumu iliyo ndani ya enameli, na kiini cha jino.

Wiki ya 14 hivi madini ya kalsiamu na fosfati yanaanza kuingia, yakianzia meno ya mbele. Mimba ikifika katikati, meno yote 20 yameshaanza kuwa magumu. Siku ya kuzaliwa, vichwa vya meno ya mbele vimeshaumbika zaidi ya nusu, vimelala ndani ya ufizi. Hata magego ya kwanza ya ukubwani huanza kupata madini wakati huo huo.

Kila kichanga unachokipakata kina meno tayari. La binti huyu lilikaa juu juu mno kwenye taya, likatokeza mapema. Hutokea kwa mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 3,000, mara nyingi hapo hapo mbele chini, na kuna familia zinazorithishana. Kwa wengi ni jino halisi la utotoni, si la ziada. Linacheza kwa sababu mzizi wake bado haujaumbwa.

Dada wa Chumbageni
Nimemsomea mdogo wangu, kanyamaza kulia. Na zile dawa, na udongo?

Tabibu wa Meno
Dawa za kuogopa kwa meno ni tetrasaiklini, aina ya antibiotiki, na jamii yake. Zinajishika na kalsiamu na kulipaka jino rangi ya njano au kahawia, lakini lazima zikute madini yanaingia. Mwezi wa pili madini hayajaanza, na tena hazioteshi jino mapema. Udongo aache, una minyoo na hauongezi damu, ila jino hili halikutokana nao.

Mtoto wa Makorora
Mimi naomba niseme kuhusu huyo bibi. Kaka yangu alipokuwa mchanga alishikwa na homa na kuharisha, wakasema ana meno ya nailoni. Akachimbwa ufizi penye machonge kwa kitu chenye ncha, vikatolewa vitu vyeupe, laini, mama akaonyeshwa kwamba ndivyo vinavyomharisha mwanawe. Yalikuwa machonge yake mwenyewe! Alivuja damu karibu afe. Ukubwani chonge moja limeota limepinda, la pili halikuota kabisa. Nakuomba dada, usimruhusu mtu yeyote achokonoe kinywa cha huyo mtoto nyumbani.

Tabibu wa Meno
Ndivyo ilivyo. Siku ya kuzaliwa chonge limekamilika ncha tu, ndiyo maana linaonekana laini na jeupe kama plastiki. Na kichipukizi cha chonge la ukubwani kiko jirani, kinajeruhiwa pamoja nalo.

Bibi wa Pangani
Wanangu, mimi ni mtu mzima. Zamani huku pwani watoto walioitwa vigego waliuawa, tulisimuliwa na wakubwa zetu. Waliosalimika nimewaona: wamekua, wameoa, wamewazika wazazi wao wakiwa vikongwe. Huyo shangazi mwambieni kwa adabu, msimvunjie heshima, lakini mtoto asiguswe. Na dini yetu imekataza kuamini mikosi.

Dada wa Chumbageni
Asante bibi, shikamoo. Shemeji amekubali tumpeleke hospitali ya Bombo asubuhi kwenye meno. Ndiyo litang'olewa?

Tabibu wa Meno
Si lazima. Likiwa limeshika, linaachwa, maana likitolewa pengo litakaa mpaka la ukubwani liote, miaka 6 au 7. Likiwa linamkata ulimi kwa chini au kumuumiza mama chuchu, makali yake husawazishwa. Linalong'olewa ni lile linaloning'inia, kwa hofu ya mtoto kulivuta kwenye njia ya hewa. Hilo "linacheza kidogo" lako ndilo daktari atakalolipima, kwa hiyo msichelewe. Anyonye kama kawaida. Bebeni kadi ya kliniki, na muulize kama alichomwa vitamini K alipozaliwa, kwa sababu siku hizi za mwanzo damu ya kichanga haigandi vizuri. Kama hakuchomwa, daktari ajue kabla hajaligusa jino.